Ulimi wa Kukopa

Tangu homa ile ya Pasaka pua yangu ni mlango wa duka siku ya Jumapili:
upo, umepakwa rangi, haufunguki.
Chai ni maji moto. Kitunguu ni kelele tu za mafuta.
Ndipo Kengonzi akasema, twende tukaonje mvinyo,
nikacheka hadi nikakohoa.
"Kipofu anapelekwa kutazama picha?"
"Anapelekwa," akasema, "maadamu mkewe ana mdomo."

Tukatoka Kampala kabla ya foleni ya Busega.

Masaka, nyuma ya tanuri la matofali,
kijana Kaweesa, koti jeupe la maabara, cheti ukutani,
alitupangia glasi sita juu ya meza ya kupigia pasi.
Nanasi. Pashoni. Rosela nyekundu kama wino wa mwalimu.
Akatufundisha: zungusha, nusa, onja, tema.
"Niteme?" akauliza Kengonzi. "Na nimeshalipa?"

Mimi nikazungusha. Nikanusa kioo, hewa ya kioo.
Baridi ilipita ulimini, na mwasho mdogo pembeni,
basi.
Nikamgeukia mke wangu
kama asiyejua kusoma anavyomgeukia aliyeshika barua yake.

"Nanasi hili ni siku ile uliyonyeshewa Lukaya
ukaingia garini na mishikaki imelowa,
ukaila hivyo hivyo, ukijidai.
Mwanzo tamu. Halafu gazeti."

Nikaandika daftarini: Mwanzo tamu. Halafu gazeti.

"Pashoni ni mama yako akinisifia mbele za watu."

Nikaandika: chachu.

Ilipofika ya ndizi, mwaka mzima pipani,
alifumba macho.
"Hii ni chumba kimoja kule Mityana.
Dirisha halina pazia. Mvua imekatika sasa hivi.
Kuna mtu anakaanga karanga
wala hana haraka."
Akafumbua, akakuta kalamu yangu imesimama.

Mityana sijawahi kulala nawe, Kengonzi.
Miaka kumi na tisa, barabara zetu zote ninazo kichwani.
Mityana tumepita mara mbili, tukienda kuzika,
vioo tumevipandisha kwa ajili ya vumbi.

Nikaandika: karanga.
Dirisha sikuliandika.

Usiku, Lyantonde, chandarua kilikuwa na tundu moja
na mbu wote walilijua.
Tulilala kimya, kila mtu akijikuna upande wake.

Kitagata, kwa Kobusingye, hakuna glasi wala cheti.
Mumewe yumo ndani ya mtumbwi wa kukamulia,
suruali imekunjwa hadi magotini,
anakanyaga ndizi zilizoiva shimoni siku tano, pamoja na nyasi kali.
"Ingia," akaniambia. "Mimi nimechoka, na wewe una miguu."

Nikanawa. Nikaingia.
Utelezi, kisha nyasi zikinichoma katikati ya vidole,
kisha ubaridi ukipanda ugokoni.
Povu lilikuwa linanong'ona. Nililisikia vizuri.

Kengonzi akasogea ukingoni.
"Ikoje?"

Safari nzima, swali lilikuwa langu.

"Ni Jinja," nikasema, "kambini, nina miaka minane.
Bomba limepasuka nyuma ya jiko la askari,
watoto wote tumo matopeni.
Baba hajapelekwa kaskazini bado.
Yuko uzioni, anapiga mluzi, anajifanya hanioni."

"Mimi sikuwepo," akasema.

"Hukuwepo."

"Endelea."

Tulirudi na lita tano za tonto
ndani ya jerikeni lililokuwa la mafuta ya kupikia.
Haijamaliza kuchacha, Kobusingye alituonya,
mkiifunga mkaisahau itawapasukia.
Basi Kabwohe, Mbarara, Lyantonde tena,
nilisimamisha gari kando ya barabara,
Kengonzi akalegeza kifuniko kidogo,
tukaisikiliza ikishusha pumzi,
akakaza,
nikatia gia.